Bia Alikunywa Baba Mkubwa, Mguu ni Wangu

Jumapili, Musinzira. Mvua tangu asubuhi, na bado haijachoka.

Leo sikwenda kanisani. Mvua ni kisingizio kizuri, na mguu ni kisingizio kizuri zaidi, lakini humu kwenye blogu nimeapa kusema kweli: sikwenda kwa sababu sikutaka kuhubiriwa msamaha. Nimehubiriwa wiki nzima na watu ambao miguu yao yote miwili inafanya kazi.

Nina hasira. Naiandika mapema ili anayesoma asije akategemea utulivu.

Kwa asiyenijua, mimi ni Konso, fundi wa nguo hapa Musinzira, mtaa wa mji wa Gitega, Burundi. Nashona magauni na sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba ninayopanga. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, maana umeme wa mtaa wetu unakuja ukijisikia. Mguu unaokanyaga ni wa kulia. Na mguu wa kulia ndio uliovunjika mwezi wa nane, kule Kobero, mpakani na Tanzania, nilikokwenda kuchukua vitenge.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya lori nikisubiri mzigo wangu ushushwe. Ule mlango wa nyuma wa chuma, unaofunguka kwenda chini, ulikuwa umefungwa kwa waya kwa sababu komeo lake lilishavunjika zamani. Waya ukakatika. Mlango ukaangukia mguu wangu. Wabebaji mizigo walipiga kelele kabla yangu, maana mimi kwanza sikuelewa kwamba kiatu kilichobanwa pale ni changu.

Hakuna aliyekusudia. Nalisema hilo mwenyewe kabla sijakumbushwa, maana kila nikifungua mdomo mtu ananiambia, "Lakini ilikuwa ajali." Ndiyo, ilikuwa ajali. Ilikuwa ajali ya mtu aliyejua komeo limevunjika, akafunga waya, akapakia mzigo, akalala usingizi wake.

Mwenye lori nitamwita Bwana Melkiori, si jina lake. Ni mfanyabiashara wa Muyinga mjini. Sitamchafua bure. Siku ile alikuja mwenyewe, akanipeleka hospitali kwa gari lake, akalipia kitanda na dawa, akakaa na mimi mpaka nilipofungwa plasta. Aliniita dada. Polisi wa mpakani waliandika ajali, naye akawaambia kwamba sisi tutamaliza à l'amiable, yaani kwa kuelewana wenyewe, bila kufika mbali. Mimi nilikuwa na maumivu, nikatikisa kichwa. Ukiwa umelala chali, maneno ya upole yanaingia haraka sana.

Plasta ilitolewa, kifundo hakikunjiki. Natembea na fimbo. Nimejaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto na mshono unapepesuka kama mlevi, nimeharibu sketi za watu na kuwaomba radhi. Daktari ameniambia waziwazi kwamba mifupa imeunga vibaya, inabidi ifunguliwe na kupangwa upya Bujumbura, tena isicheleweshwe, la sivyo nitabaki nilivyo. Operesheni ile siwezi kuilipia hata nikishona usiku na mchana.

Kwa hiyo nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kumsubiri Bwana Melkiori na huko kuelewana kwake, ambako tangu plasta itolewe kumekuwa salamu tu za simu. Ya pili, kudai bima ya lori, hii tunayoiita asiransi, kwa kutumia yale waliyoandika polisi. Aliyenifungua macho ni jirani yangu Mama Hawa, Mwislamu anayeuza nyuzi na vifungo mlango wa pili. Yeye hazunguki.

"Mi nakwambia, ile lori iko na asiransi," alisema. "Ile karatasi ya kwenye kioo iko ya kazi gani, ya kupamba? We nenda udai. Si yeye utamukula, ni asiransi italipa. Juu ya nini unaogopa?"

Nilikuwa naogopa kuonekana sina shukrani. Ndilo jibu la kweli, na sikumpa.

Wiki iliyopita nilikuwa nimeshaamua kwenda. Ndipo baba mkubwa akapiga simu kutoka Giteranyi, sauti imejaa furaha, akaniambia, "Mwanangu, lile jambo lako limekwisha vizuri."

Limekwisha.

Ilikuwa hivi. Bwana Melkiori alipanda mpaka Giteranyi na wenzake, na kreti za bia, wakaomba msamaha mbele ya majirani. Baba mkubwa akasamehe kwa niaba yangu, wakanywa. Na huku kwetu kila mtu anajua maana yake. Mtu akikukosea, akaja na bia, mkanywa pamoja mbele ya watu, basi neno hilo halirudiwi. Ukilirudia, wewe sasa ndiye mkosaji.

Kwenye simu nilisema mtandao unakatika.

Ijumaa nilisafiri. Gari mpaka Muyinga, kutoka pale pikipiki mpaka Giteranyi, na kila shimo la njia ile mguu wangu umelihesabu. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Nilipofika, nikamkuta amevaa koti lake la Jumapili siku ya Ijumaa, kwa ajili yangu, nikaanza na shikamoo.

Lazima nimweleze huyu mzee, maana asiyemjua atamwona mpenda bia, na sivyo. Ni kaka wa marehemu baba yangu. Wazazi wangu walifia kambi ya wakimbizi Tanzania, yeye akanilea pamoja na watoto wake, akanisomesha, akauza baiskeli yake ili nijifunze kushona. Tuliporudi Burundi tulikuta shamba la ukoo lina watu wengine. Akapata kipande hiki cha Giteranyi, akaanza upya na mvi kichwani. Mpaka leo majirani wanamwita Mtanzania. Kukiwa na kikao cha mlima, yaani cha kijiji, anakaa nyuma. Hakuna aliyewahi kumwomba kitu isipokuwa jembe.

Halafu siku moja tajiri wa mjini anasimamisha gari mbele ya nyumba yake, anavua kofia, anamwita mzee mbele ya majirani wote, anamwomba msamaha.

"Konso, walisimama wote mpaka nilipowaambia wakae," aliniambia. Alirudia mara nyingi, kwamba walisimama.

Sasa naelewa. Siku ile hawakumletea bia, walimletea heshima aliyoingoja tangu turudi. Mimi ningekuwa yeye, labda ningekunywa pia. Na Bwana Melkiori alijua mlango wa kugonga. Angeweza kuja hapa Musinzira, anapajua, alinileta mwenyewe nilipotoka hospitali. Hakuja, maana angekuta mtu mwenye fimbo na maswali.

Nilimwambia baba mkubwa habari ya daktari na Bujumbura. Akauliza kwa nini sikumwambia mapema, na hapo alikuwa na haki, sikumwambia kwa sababu sikutaka auze tena kitu. Nikamwambia kwamba nitadai asiransi.

"Huwezi," alisema. "Nimeshakunywa."

"Mimi sijanywa, baba."

"Ulikuwa unaumwa. Nani angekunywa?"

"Hakuna. Wangesubiri nipone."

Alisimama akaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote. Aliporudi alisema kitu kilichoniuma kuliko mlango wa lori. Alisema, "Unataka watu waseme neno langu halina uzito hata kwa binti niliyemlea."

Nililala pale. Mama mkubwa, mke wake, alinichemshia maji ya kukanda mguu na hakuegemea upande wowote. Asubuhi niliondoka, na baba mkubwa hakutoka kuniaga.

Nililia juu ya pikipiki, mbele ya dereva nisiyemjua, bila kujificha. Halafu tulipofika Muyinga nikanawa uso kwenye bomba la stendi na kumwambia yule dereva anipeleke dukani kwa Bwana Melkiori. Sikuwa nimepanga. Kitu kimoja tu kilikuwa wazi kichwani: nikirudi Gitega bila kusema, nitakuwa nimekunywa na mimi.

Alinipokea vizuri. Kiti, soda, pole dada. Soda sikuigusa, na niliona kwamba ameona. Nikamwambia kwamba wiki ijayo naenda kudai kwenye asiransi ya lori lake, na kwamba nimekuja kumwambia ana kwa ana ili asije akasikia kwa watu.

Alishangaa kwa adabu. Akasema, "Lakini dada, si tulishamaliza? Mzee wako amekunywa."

"Basi mguu wa mzee wangu mmeumaliza," nikamwambia. "Wangu bado."

Kijana wa dukani aligeuka kupanga sabuni. Bwana Melkiori akabadilika kidogo, si sana, ni mtu mwenye malezi. Akaniuliza kama nataka kumdhalilisha. Nikasema nataka kukanyaga cherehani. Akasema asiransi watazungusha mpaka nizeeke, na hilo linawezekana, sijidanganyi. Akasema yeye angenisaidia kidogo kidogo. Nikamuuliza kwa nini hakuanza. Akaliruka swali, akatoa neno jingine, na hili ndilo nililorudi nalo Gitega likinikaa kifuani: asiransi au polisi wakimuuliza kama kulikuwa na makubaliano, atamwita baba mkubwa aseme.

Nimemfikiria tangu jana. Mzee yule na koti lake, amekalishwa kwenye benchi la polisi, anaulizwa mbele ya tajiri na mbele yangu: mlimaliza au hamkumaliza? Akisema tulimaliza, mimi naumia. Akisema hatukumaliza, anajivua mwenyewe ile heshima ya siku moja, na Giteranyi nzima itajua kabla hajafika nyumbani.

Mama Hawa amekuja mchana na bakuli la wali, akiruka madimbwi. Nikamweleza yote. Nilitegemea atasema mwachie Mungu. Akasema, "Mzee wako ni mzee wako. Mguu ni mguu. We usichanganye." Kisha akala nusu ya wali alioniletea na kunisema kwa sababu chumba changu kina vumbi.

Nimejaribu kuyatenganisha kama alivyosema, na hayatenganishwi. Aliyenifundisha kusimama ni baba mkubwa, na ninaposimama, ninamkanyaga yeye. Nimekaa na jambo hili mchana kutwa nikitafuta namna ya kudai bila mtu kuaibika. Nimeshindwa. Kama ipo, walioleta bia ndio waliopaswa kuitafuta.

Nilifikiri pia kuacha. Nakiri. Kwa muda wa kuchemsha chai nilijiona nimeacha, nimenunua motor ya kufunga kwenye cherehani, nashona umeme ukiwapo, nachechemea kwenda sokoni, na baba mkubwa ananipigia kila Jumapili kama zamani. Yalikuwa maisha mazuri kiasi. Kisha nikainuka kuchukua sukari, mguu ukaniambia huo ni uongo.

Sitaacha.

Sidai sadaka wala huruma. Wema wa siku ile hospitalini nimeupokea na nimeushukuru, lakini wema hauungi mfupa. Lori linalobeba mizigo ya watu lina bima kwa ajili ya watu, na mimi ni mtu. Nikiambiwa sina adabu, sawa. Nikiambiwa Watanzania ndivyo tulivyo, tunapenda kesi, sawa pia, nimeitwa mabaya zaidi kwenye foleni ya maji.

Kesho, mvua inyeshe isinyeshe, naanza safari ya Kobero kuchukua yale waliyoandika polisi, na karatasi za daktari ziko mfukoni. Jioni hii nimempigia baba mkubwa ili ajue kutoka kwangu. Simu imeita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita tena.

Basi akiitwa polisi kuulizwa, tutakutana hukohuko. Nitamwamkia shikamoo kwanza, nimeinama ingawa kifundo hakitaki, kama alivyonilea. Nitangoja aitikie. Na hata asipoitikia, nitageuka kwa yule anayeuliza, nitasema hatujamaliza.