Hodi ya Tatu Kwenye Lango la Malori

Leeds, Uingereza

Mamangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo, na unipe ile marahaba yako ndefu niisikie mpaka huku. Mguu wakuuma bado? Na baba, kifua kimetulia? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu kabisa, yaingia hata ndani ya soksi mbili.

Kaseti yako imefika. Nimeisikiliza nikacheka, kisha nikalia kidogo. Wasema waniombea nirudi Bofu yakisha majaribio haya ya kazi. Mama wee! Mimi naomba nifaulu, wewe waomba nirudi, basi dua zetu zapigana mieleka huko juu. Maana shuruti ilikuwa hii: lango langu likifanya kazi mbele ya wakubwa, naajiriwa, likikwama, napanda ndege.

Wauliza kazi yenyewe ni nini hasa. Natunga programu ya kompyuta ya kuendesha lango la ghala kubwa la malori. Dereva hubonyeza kitufe, lango huuliza ofisini, likijibiwa hufunguka. Walionitangulia waliandika programu ndefu kama utumbo: kama li wazi fanya hivi, kama limefungwa fanya vile, kama, kama, kama! Ukigusa hapa, kule kwaharibika. Nikasema, alaa, hata nyumba yetu ina akili kuliko hii. Mgeni hupiga hodi ile ile, lakini jibu hutegemea nyumba iko katika hali gani. Tukiwa twala, huambiwa karibu chakula. Ikiwa ndani mna mjane akaaye eda, mwanamume hujibiwa kwa ndani, mlango haufunguliwi.

Basi programu ile nikaivunja, kila hali ya lango nikaifanya kitu kamili chenye tabia yake: Limefungwa, Langoja, Li Wazi. Lango lenyewe halijisumbui na maswali. Kitufe kikibonyezwa, hupeleka hodi kwa hali iliyo zamuni, nayo hujibu yake na kutaja hali ipi ishike zamu baadaye.

Siku yenyewe ya majaribio nilijitanda ule mtandio wako wa zambarau. Lori la kwanza likaingia vizuri. La pili, dereva kabonyeza, lango likauliza ofisini, kumbe karani wa kujibu katoka kwenda kunywa chai. Lango likangoja tu. Malori yakajipanga nyuma kama pale Miritini, honi juu ya honi. Msimamizi wangu, mzee wa Kiskoti asiyecheka, akanitazama.

Kosa nikalijua papo hapo, tena ni kosa la mtoto wa kwetu. Nyumba yetu haijapata kuwa tupu. Kama si wewe ni shangazi, kama si shangazi ni jirani. Sikuwaza kabisa kuwa hodi yaweza kukosa jibu, kwa hivyo Langoja sikuiwekea njia ya kutokea. Na wewe si ulitufunza madrasani? Hodi ya tatu isipojibiwa, rudi zako, wala usinune. Nikamwambia yule mzee, "Nipe mpaka adhuhuri." Akasema, "Haya, lakini hakuna mara ya tatu."

Nikaigusa hali ile moja tu: uliza mara tatu, ukikosa jibu mwashie dereva taa asogee kando, mpe zamu Limefungwa, asikilizwe mwingine. Tukarudia, karani tumemtoa makusudi. Lango likauliza weee, likamsogeza yule dereva bila kinyongo, na karani aliporudi likampokea dereva aliyefuata. Msimamizi akatabasamu. Mama, kumbe ana meno! Akauliza nani kanifunza. Nikamjibu, mamangu, yuko Bofu, kule Likoni.

Nisalimie baba sana. Nisalimie ami Athumani, dereva wa trela kule Changamwe, umwambie huku malori hayangoji kama kwao. Nisalimie shangazi wa Utange na wanawe, na mdogo wangu Rukia, asome kwa bidii.

Basi mama, nimeajiriwa. Nimefurahi, sikufichi, na najua wewe hukuomba hivi. Kile kitanda changu unachonitandikia kila Ijumaa, mpe Rukia, aondoke mkekani. Nikija, inshallah, nitalala nawe kwenye chako.

Mwanao akupendaye,
Mwanaisha