Kucha za Mkono wa Kulia

Muhima, Kigali
20 Juni 1992

Mume wangu Baba Aidah,

Salamu zetu zikufikie huko Mwanza kidonda kikiwa kimekauka. Sisi wazima. Nguo za Idi zilikuwa nyingi mpaka nyingine nilikataa kushona, na Aidah ameng'oka jino la mbele.

Jirani yetu Mukandekezi ameona nimefuga kucha mkono wa kulia tu. Akaniuliza, "Mkono huo mmoja ndio bibi arusi?" Nikacheka. Sikumwambia kwamba ni za gitaa.

Uliandika niliuze, kwa kuwa msumeno wa kazini umekukata vidole viwili vya mkono wa kulia. Sijaliuza. Nilifungua daftari lako la mazoezi ya gitaa ya yule mwalimu Carulli, nikajifunza: gumba kwenye nyuzi nene, vidole vitatu kwenye nyembamba. Sasa mkono wa kulia unatembea wenyewe. Wa kushoto ndio umenishinda. Nikibonyeza, uzi unakoroma.

Kwa hiyo gitaa haliuzwi. Njoo na mkono wako wa kushoto, ukae ubavuni kwangu. Wewe utabonyeza, mimi nitapiga.

Mkeo,
Mama Aidah