Boksi la Mkwe

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Darasa la riwaya za Kiingereza, sebuleni kwa binti yangu Swalha. Wanafunzi watatu, wote wafanyabiashara. Tumemaliza sura ya mahakama: mfua nguo maskini amehukumiwa anyongwe kwa saa ya dhahabu ya wizi aliyopewa aipeleke mahali. Bwana aliyempa yuko mezani, anakula bata. Albertine, Mkongo anayenunua jinzi Xintang, hapa hapa China, akauliza mbona bwana hashtakiwi. Nikamjibu: London ile ilimnyonga aliyekutwa na kitu mkononi.

“Alors, basi, Mwalimu, hiyo si zamani,” akasema Albertine.

Abubakary, mchumba wa Swalha, alicheka peke yake.

Alhamisi, 16 Oktoba

Jumapili narudi Dar. Kama ilivyo desturi, kila mtu ameleta kifurushi nimpelekee nduguye: miwani, dawa, viatu vya mtoto. Vyote nimevifungua mbele ya wenyewe. Kisha Abubakary akaleta boksi lililozungushiwa selotepu mara nne. Kanzu za mjomba wake, alisema. Nikachukua mkasi. Akatabasamu.

“Baba, hata mzigo wa mkweo unaupekua?”

Swalha akanipokonya mkasi. Ana miaka thelathini na tisa. Harusi ni mwezi ujao.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimelitikisa boksi. Kanzu hazigongi. Nimempigia Abubakary: silibebi. Hakukasirika — ndilo linalonitia hofu.

“Hamna shida, Baba. Atabeba mwingine.”

Amelifuata mwenyewe. Albertine anasema binamu yake Clément alibeba boksi la rafiki. Ana miezi minane sasa gerezani. Rafiki huyo humpelekea mama wa Clément mchele.

Jumapili, 19 Oktoba

Uwanja wa ndege. Huyo mwingine ni Swalha. Alikata tiketi jana bila kuniambia. Eti anakwenda kukagua ukumbi wa harusi. Abubakary ametushusha mlangoni, akanibusu mkono, akaondoka. Injini hakuizima.

Boksi limo ndani ya sanduku la Swalha. Nimemsihi alitoe.

“Baba, hapa si kwenye vitabu vyako. Umenifundisha kumshuku kila mwanamume, ndiyo maana nimezeeka peke yangu.”

Nimekaa benchi, hatua kumi kutoka kwake.

Afisa amesimamisha mashine ya kukagua mizigo. Amelitoa boksi, analipindua polepole. Swali lake nalielewa hata mimi nisiyejua Kichina: la nani?

Swalha amegeuka kunitazama, kama alipokuwa mdogo na somo limempotea.

Naliacha daftari hapa kwenye benchi. Mikono iwe mitupu nikalipokee boksi.