Kwanza Viatu, Halafu Bibi

Machi 4

Shikamoo baba,

Natumaini mguu umepata nafuu na kifua kimekuachia usingizi. Mimi ni mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Shuka za hospitali hazina mwisho. Tunafua, tunapiga pasi, tunakunja, kesho zimerudi zilezile. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuelewani: unapiga kelele kama uko juu ya paa, halafu unanikatia.

Shangazi ameniambia kwamba tangu mama afariki, mwanangu hali vizuri, havai viatu, na anashinda amekaa mlangoni pa chumba cha mama. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda kwa mwalimu wa watoto kama yeye, wale wasiosema na wanaojifunza kwa njia yao, akanipa kazi za kufanya nyumbani. Ziko kwenye kifurushi: shanga kubwa za kutunga, vitambaa vya kupapasa, vifuniko vya kupanga kwa rangi. Lakini kubwa kuliko yote ni ubao. Kushoto pameandikwa KWANZA, kulia HALAFU. Kwanza, unabandika picha ya kile anachotakiwa kufanya. Halafu, unabandika picha ya kile anachokipenda kuliko vyote. Akimaliza cha kwanza anapewa cha pili palepale. Picha utatengeneza mwenyewe, za vitu anavyovijua.

Mwalimu amesisitiza jambo moja: usimdanganye hata mara moja. Ubao ukisema, itokee.

Uvumilivu, baba. Ana miaka mitano, na amempoteza mtu aliyemwelewa bila maneno.

Binti yako

Machi 19

Marahaba mwanangu, marahaba tena,

Mguu ni mzima, kifua kizima, mimi mzima kuliko vijana wa huku wanaotembea kama wamefungwa kamba. Usicheke herufi zangu, zimekaa kama misumari iliyopinda. Shule niliiacha darasa la pili kwa hiari yangu, mwalimu alikuwa hana jipya.

Kifurushi kimefika. Shanga zako za plastiki nimezitia kabatini. Mimi ni fundi viatu, mtu hawezi kuniletea mimi vitu vya kutunga! Nimemkatia Bosi vipande vya ngozi, nimevitoboa matundu, nimempa kamba za viatu atunge. (Bosi ndiyo jina nililompa, kwa kuwa ndiye anayeamua hapa watu wale saa ngapi.) Vitambaa vyako pia havina maana. Nimempa msasa upande huu na ngozi laini ya ndani ya kiatu upande ule, anavipapasa amefumba macho, anacheka peke yake. Mwambie huyo mwalimu akitaka kujifunza aje, nitampa kigoda.

Ubao nao umekubali. Tena umekubali vibaya sana. Siku ya kwanza tu alikula uji wote akalamba kijiko. Siku ya pili alioga. Sasa anavaa viatu na kufunga mkanda mwenyewe, kushoto na kulia bila kukosea, wakati wateja wangu wazima na ndevu zao wanakosea. Shangazi yako alikuja akashika mdomo.

Hukuamini kama baba yako anaweza. Basi amini.

Fundi wa Mafundi

Machi 30

Shikamoo baba,

Barua yako nimeisomea kwenye mashine ya pasi, nikalia mpaka msimamizi akadhani nimeungua. Viatu! Mwenyewe! Baba, asante. Mguu wako naukumbuka, usikae sana kwenye kigoda.

Nimemsimulia mwalimu, ameshangaa. Anasema watoto wengi huuzoea ubao polepole sana. Anauliza, nami nauliza: kwenye Halafu umebandika nini? Kama ni pipi, tafadhali punguza, meno yake ni mabovu tayari.

Binti yako

Aprili 9

Marahaba,

Sisi wazima. Si pipi. Si biskuti. Ni anachokipenda kuliko vyote, kama ulivyoagiza. Mimi nikiagizwa kiatu cheusi sishoni cha kahawia.

Fundi hasemi gundi yake anaichanganya na nini. Tunakula, tunaoga, tunavaa viatu, ubao unasema na inatokea. Mchana tunafunga pazia kwa ajili ya jua. Bosi anakusalimia kwa kunipiga kofi la goti.

Fundi wa Mafundi

Aprili 22

Shikamoo baba,

Leo sikuulizi mguu.

Shangazi amenipigia simu akilia. Anasema alipita nyuma ya nyumba na beseni lake la nguo, pazia la chumba cha mama likiwa limeacha upenyo, akachungulia. Anasema amemwona mama. Amekaa kwenye kiti chake, kaelekea ukutani, kavaa sweta yake ya kijani, na mwanangu kamwegemea mgongoni. Anasema alipiga yowe, na yule aliyekaa hakugeuka.

Shangazi si mtu wa hadithi, unamjua. Niambie ameona nini.

Binti yako

Mei 2

Marahaba mwanangu,

Shangazi yako ameona anachostahili kukiona mtu anayechungulia madirisha ya watu. Alikimbia akaacha beseni, nguo na kiatu kimoja. Kiatu nimekitia soli mpya, aje achukue, sitamdai shukrani.

Sasa sikiliza, maana sitasema mara mbili. Uliniandikia nibandike anachokipenda kuliko vyote. Nikafikiri siku nzima. Maziwa? Anayasukuma. Mpira? Anaupita kama jiwe. Mimi? Usinichekeshe. Anampenda mama yako. Nikachukua ile picha aliyopiga na majirani, nikamkata kichwa na mabega kwa kisu cha ngozi, nikambandika juu ya kipande cha soli. Nikamwekea Bosi ubaoni: kwanza uji, halafu bibi.

Aliitazama sana. Akala. Kisha akaenda kusimama mlangoni pa chumba, ubao mikononi, akaningoja.

Haya, wewe na mwalimu wako niambieni. Mmesema nisimdanganye hata mara moja. Ningemtoa wapi?

Nikaingia, nikafunga mlango. Sweta ilikuwa bado kwenye msumari. Nikaivaa, mikono yake ikaniishia hapa kwenye kiwiko. Nikavuta pazia, nikakaa kwenye kiti chake nikaelekea ukutani, maana kwa mbele sifanani naye, nina ndevu. Nikagonga mbao za kiti kama alivyokuwa akigonga yeye kumwita. Bosi akaingia. Akaniegemea mgongoni, palepale alipokuwa akimwegemea yeye wakati anashona vifungo, akaanza kuimba puani ule wimbo wao usio na maneno.

Tangu siku hiyo ni kila siku. Kwanza viatu, halafu bibi. Kwanza kuoga, halafu bibi. Nani amedanganywa? Ubao umesema, imetokea.

Na nikwambie jingine, maana wewe ni mtu mzima. Mle ndani kola ya sweta ina harufu ya mafuta yake ya nywele. Kuna wakati Bosi ananyamaza kuvuta pumzi na wimbo hauishi. Unaendelea kidogo, chini chini, kutoka upande wa kitanda. Siogopi. Sijawahi kuogopa kitu, uliza mtaa mzima. Ila sigeuki. Nikigeuka ataondoka.

Yowe la shangazi yako nililisikia vizuri sana. Aliita “Wifi!” Mimi si wifi yake. Nikangoja aliyeitwa aitike.

Fundi wa Mafundi

Mei 14

Baba, shikamoo,

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila mara nimeifungia sandukuni kama kitu kinachoweza kutoka.

Kosa la kwanza ni langu. Nilisema anachokipenda, sikusema kitu unachoweza kumpa. Lakini sasa mwanangu anajua bibi yupo nyuma ya pazia, anapatikana kwa kuvaa viatu. Siku sweta ikichanika? Siku ukiugua, ukalazwa? Atavaa viatu, atasimama pale mlangoni na ubao wake, na hakuna atakayegonga kiti. Utakuwa umemfisha mama mara ya pili, na safari hii mbele ya macho yake.

Mwalimu anasema aambiwe kwa maneno yaliyonyooka. Si amelala, si amesafiri. Amekufa. Fungua pazia, vaa sweta mbele yake mchana, aone ndevu zako, aone ni wewe. Shangazi atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi na mkoba wake. Ukifanya, atakunywa chai arudi kwake. Usipofanya, ataondoka na mwanangu akae naye. Nimemwambia, na nimemaanisha.

Usidhani sikuelewi. Mimi hata kuzika sikuzika. Siku ile nilikuwa nakunja shuka. Nilipofika pale unaposema wimbo unatoka upande wa kitanda, nilikuonea wivu, baba. Ningekuwa hapo ningepanga foleni nyuma ya mtoto.

Ndiyo maana nasema uache.

Binti yako

Mei 31

Mwanangu, marahaba,

Kwanza salamu, maana safari iliyopita nilizisahau kwa hasira. Mikono yako ikoje? Paka mafuta ya kulainishia ngozi, haya yangu ya viatu, hayana ubaya wowote, mimi nayapaka usoni.

Shangazi yako alikuja Jumamosi, kavaa kile kiatu nilichomtia soli. Hakusema asante. Akaweka mkoba karibu na mlango, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri gari.

Nikamwambia, “Leo utaona.”

Akasema, “Kaka, mimi nimeshaona. Fanya.”

Sikulala nikifikiri Bosi atalia vipi. Akilia huwa anajigonga kichwa ukutani, unajua, na nilishaweka mito. Nilifungua pazia lote. Jua likaingia mpaka chini ya kitanda, vumbi tupu. Nikamwita. Nikasimama mbele yake na ndevu zangu zote, nikachukua sweta, nikaivaa polepole aone. Mkono mmoja, mkono wa pili. Nikasema, “Ni babu huyu. Tazama. Ni babu.”

Alinitazama. Akasogea karibu. Mkono mmoja nilikuwa nimeuvaa umejikunja kwa ndani, akauvuta akaunyoosha. Kisha akanisukuma kiuno mpaka kwenye kiti, akanigeuza uso ukutani, akagonga mbao za kiti mwenyewe, akaniegemea. Akaanza kuimba.

Hakushtuka, mwanangu. Hakushangaa hata kidogo.

Shangazi yako ndiye aliyesema. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Kaka, huyu alijua siku zote.”

Nikasema, “Alijua nini?”

“Kwamba ni wewe. Kwake ile picha maana yake ni hii. Babu, sweta, kiti. Ni mchezo wenu. Hakuna aliyemdanganya.”

Nikabaki pale nimeelekea ukuta. Kuna ufa mwembamba unaoshuka kutoka juu, umepinda kama mshono mbaya, nimeutazama tangu mwezi wa tatu sikuwahi kuuona. Nikasikiliza. Bosi alipovuta pumzi, wimbo ulikatika. Alipoanza tena, ukaanza. Jua lilikuwa linanichoma shingo. Upande wa kitanda hapakuwa na kitu, palikuwa na shangazi yako anapenga kamasi.

Nikasema lile neno. Nilimwambia Bosi, nikiwa nimempa mgongo: bibi amekufa. Tangu azikwe sikuwahi kulitamka ndani ya nyumba hii. Kwa majirani nilisema ametutoka, kwa wateja nilisema Mungu amempenda, kwako niliandika sijui nini. Yeye akaendelea kuimba. Niliyelisikia ni mimi.

Nikageuka. Nimekwambia nilikuwa sigeuki. Nikageuka, nikamwona amesimama na viatu vyake, mikanda imefungwa sawasawa, ananishangaa kwa kuharibu mchezo.

Shangazi yako alikunywa chai vikombe viwili, akachukua mkoba wake, akaondoka bila mtoto. Kwa hiyo hilo limekwisha, hukunishinda, tumetoka sare.

Ile picha nimeibandua. Mwalimu wako asifurahi sana, sikuitupa. Mahali pake nimechora kiti. Mchoro wangu ni mzuri, miguu yote minne imeonekana. Kwanza viatu, halafu kiti. Bosi hajalalamika. Tunakaa pazia likiwa wazi, bila sweta, anaegemea, anaimba, wakati mwingine mimi natunga kamba kwenye ngozi zake maana mikono yangu haijui kukaa bure.

Lakini kuna saa Bosi yuko uani anapanga vifuniko vyako kwa rangi, na mlango wa chumba uko wazi. Jana niliingia, nikafunga pazia, nikavaa. Nikakaa sana. Nikagonga mbao. Nikagonga tena.

Bosi alikuja na ubao wake. Akasimama mlangoni, akanitazama, akaupekua mfuko wa picha mpaka chini. Alikuwa anatafuta ya kunibandikia. Hakuipata.

Sasa nina swali, na usimwonyeshe shangazi yako barua hii. Siku yako ya mapumziko ukienda kwa yule mwalimu, muulize: kazi hizi za nyumbani zina umri wa mwisho? Kama anazo za watu wazima, azitie kwenye bahasha. Mwambie ni za mzee mmoja mgumu kufundishika, haoni hasara kuanza na zile rahisi.

Baba yako