Bawa la Nyar Kehancha

Mama,

Nyar Kehancha hayupo tena. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azungushe maneno wakati ana habari mbaya mdomoni. Ameliwa. Aliyemla simjui, ingawa nilisimama mbele ya watu nikaapa kwamba namjua.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kijaluo changu cha kuandika unakifahamu, ulikuwa ukizisoma barua zangu kwa sauti ili wageni wacheke. Leo sitaki mtu acheke. Nataka unisikilize mpaka mwisho, halafu unikasirikie ukitaka.

Unakumbuka nilivyomleta. Nilipita sokoni Kehancha, kule Kuria nilikokuwa nikishona nguo, kutafuta uzi mweusi, nikamwona bata jike mwenye doa jeupe shingoni, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, anawatazama wateja kwa dharau kana kwamba yeye ndiye aliyekuja kununua. Nikakuletea ndani ya boksi la sabuni. Ulifungua boksi, ukasema, "Miaka yote hii nangoja uniletee mke kutoka huko Kuria, na wewe umeniletea bata." Ukamwita Nyar Kehancha, binti wa Kehancha, vile wanawake walioolewa kwetu wanavyoitwa kwa jina la kwao. Stori ilifika sokoni kwetu Kosele kabla yangu. Mwenye kibanda cha viazi aliniuliza kama mke wangu mpya anajua kupika.

Nilikushauri umkate manyoya ya bawa. Nilikuwa nimemwona jirani yangu wa Kehancha akifanya hivyo: unapunguza manyoya marefu ya upande mmoja tu, ili akijaribu kuruka apinduke, mwishowe akubali kukaa. Ulikataa katakata. "Bata wa ziwani akikimbizwa ataingia majini. Huyu wetu wa hapa ataingia wapi? Mwachie mabawa yake." Na kweli, akisikia kishindo tu, tayari yuko juu ya paa la jiko, anakwaruza mabati kwa kucha zake na kutusuta kwa ile sauti yake ya mafua.

Halafu ukafa.

Wiki ile nilikuwa na sare za shule nzima juu ya meza, shule zinakaribia kufunguliwa, wazazi wananipigia simu asubuhi na jioni. Nilikuambia nitakuja nikimaliza. Ukasema, "Maliza kazi, Chogo, mimi nipo." Ulikuwa bado unaniita Chogo, kitindamimba, mimi mwenye mvi kwenye ndevu. Nilipofika ulikuwa umeshaoshwa. Aliyekuosha ni Mama Akinyi wa ng'ambo ya ua, yuleyule aliyekukorogea uji siku zote ulipokuwa huwezi kuinuka. Nilisema ufungwe kile kitambaa cha buluu kichwani kwa sababu unakipenda. Alinijibu polepole, bila ubaya wowote, "Cha buluu aliacha kukivaa zamani." Nilimshukuru Mama Akinyi mbele ya waombolezaji wote. Moyoni nilimchukia. Nakuambia sasa kwa sababu nimechoka kulibeba.

Baada ya mazishi sikurudi Kehancha. Nyumba ya mama ni ya kitindamimba, na boma haliachwi kuota nyasi. Nilisafirisha cherehani, nikaiweka barazani pako, nikasubiri wateja. Wateja walikuja wachache. Lakini kilichoniumiza si wateja, ni bata.

Kila jioni, saa ile uliyokuwa ukichukua kigoda chako kwenda kwa Mama Akinyi, Nyar Kehancha aliruka ua wa minyaa akaenda huko peke yake. Alilala juu ya boriti ya jiko la watu. Nilikwenda kumchukua mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, nikirudi naye kwapani huku ananinyea shati. Mara ya tatu Mama Akinyi alisema, "Mwache tu, wuoda. Atarudi mwenyewe." Aliniita mwanawe, na mimi nikasikia kama ananiambia: hata bata ananijua mimi kuliko wewe.

Kesho yake nilimkamata bata asubuhi na mapema, nikamweka mapajani, nikachukua mkasi wangu wa kazi, ule wa kukatia suti, nikamkata upande wa kulia. Hakupiga kelele. Mkono wangu ni wa fundi, nilikata mstari ulionyooka kama pindo la kaptula. Jioni alijaribu kuruka ua, akaangukia ubavu. Akajaribu tena. Kisha akakaa chini pale pale kwenye minyaa, akitazama upande ule. Nilimmwagia mahindi nikajiona nimeshinda.

Mama Akinyi aliniuliza baada ya siku chache, "Nyar Kehancha siku hizi haji, ni mgonjwa?" Nikamjibu, "Amezoea kwao."

Ilikuwa Jumamosi, Sabato yetu. Zamani tukienda kanisani bata alipanda paa, akatulinda kutoka huko juu. Siku hiyo nilitoka nikiwa nimekawia, tai iko mkononi, sikukumbuka kumfungia jikoni. Au nilikumbuka nikaona si kitu. Hapo sina hakika, na nimejiuliza mpaka kichwa kimeuma. Nilirudi baada ya chakula cha pamoja, nikaona manyoya mlangoni pa jiko, mengine kwenye njia, mengine yanateremka mpaka kwenye nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, karibu na kijito. Nilifuata. Kwenye nepia hapakuwa na bata. Palikuwa na bawa moja tu, la kulia, lenye mstari wangu ulionyooka.

Sikulia kwanza, Mama. Kwanza nilitazama kama kuna mtu anaona. Kisha nililichukua lile bawa, nikaenda nalo chooni, nikalitupa ndani. Baadaye ndipo nikalia, mwanamume mzima na tai shingoni.

Nilipotoka chooni nilimwona Soja, yule mbwa mzee wa Mama Akinyi, amelala kwenye pengo jipya la ua, pale minyaa ilipoanguka, unyoya mmoja umemnata mdomoni. Nikapata nilichokuwa nakitafuta. Nilipiga kelele hadi watu wakatoka majumbani na nguo zao za kanisani. Nikasema mbwa huyu amekula kitu cha mwisho nilichoachiwa na mama yangu. Nilisema "cha mwisho" mara nyingi, na kila nikilisema watu walinionea huruma zaidi, na mimi nikazidi kulisema. Mzee wa kijiji aliitwa. Akasema mbwa akishaonja ndege wa boma hataacha, leo ni bata, kesho ni kuku wa mjane. Wote walimgeukia Mama Akinyi. Alikuwa amesimama na leso yake, ametazama chini. Akasema, "Kama mnasema ni Soja, basi ni Soja."

Jumapili wanaume wawili walikuja na kamba. Mbwa aliwafuata bila kuvutwa, mmoja alikuwa ameshika kipande cha ugali. Walimpeleka nyuma ya kichinjio. Nilikuwa barazani nashona, nikakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisisikie chochote, na nilipoangalia kitambaa nilikuwa nimeshona mkono wa blauzi ukafungika kabisa.

Niliamini nitapumzika. Sikupumzika hata siku moja. Kuku wawili wa Mama Akinyi walitoweka wiki iliyofuata, halafu tetea wa nyumba ya chini na vifaranga vyake. Wanawake wanaoteka maji waliona kenge kwenye kijito, mnene, mkia umelala njia nzima. Wengine wanasema ni paka wa msituni, kwa sababu kenge hawezi kubeba tetea. Wanabishana mpaka leo. Mimi nikipita wananiambia, "Pole, Otieno, kumbe hakuwa Soja." Wananipa pole, Mama, mimi, kana kwamba nami nilidanganywa.

Hakuna hata mmoja anayejua kuhusu mkasi. Ningeweza kunyamaza. Nilikaa na hilo siku nyingi, na kila siku nilimwona Mama Akinyi akipita na ndoo yake bila mbwa nyuma, ananisalimia vizuri. Ile salamu yake ndiyo ilinishinda. Angenitukana ningevumilia.

Leo asubuhi nilivuka ua kwenda kwake. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anachambua maharagwe. Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: mkasi, ua, kanisani, bawa, choo. Nilimwambia Nyar Kehancha hakuliwa kwa sababu ya mbwa, aliliwa kwa sababu sikutaka aje kwake. Mama Akinyi hakuinua macho. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe, jiwe baada ya jiwe, mpaka nikadhani hakunisikia.

Kisha akasema, "Nilijua umemkata. Nilimwona siku alipoanguka kwenye minyaa."

Akasema tena, "Na Soja hakuwa na meno, Otieno. Hata moja. Mama yako ndiye alikuwa akimlowekea ugali kwenye mchuzi wa omena, asubuhi na jioni. Ungekuwa unakaa hapa ungejua."

Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile, mbele ya mzee wa kijiji. Neno moja tu lingetosha, wangemfungua mbwa mdomo wakaona. Alisema, "Ulikuwa umemzika mama yako juzi tu. Nilikuona unatafuta wa kumpiga. Nikasema, afadhali ampige mbwa kuliko ajipige mwenyewe." Halafu mikono yake ikasimama juu ya maharagwe. "Nilikosea. Soja alinifuata miaka kumi na mbili, na mimi nilimtoa kama kitu cha mkopo. Hilo ni langu, si lako. Lakini sasa nenda nyumbani. Leo siwezi kukutazama. Usije kesho pia."

Nikaondoka. Nimekaa hapa barazani tangu saa hizo, sijashona hata kifungo.

Mama, mimi sikujua unapika mchuzi wa mbwa. Ni kitu kidogo sana, na ndicho kimenilaza chini leo kuliko kifo chenyewe. Nilikuwa nikija Krismasi na kilo mbili za sukari, nakaa siku tatu, unanichinjia kuku, naondoka nikijua nimemwona mama yangu. Ulikuwa na asubuhi na jioni zako, na mbwa asiye na meno anakungoja, na kitambaa kingine kichwani ambacho mpaka sasa sijui ni cha rangi gani maana siku ya mazishi sikuweza kutazama. Nilimkasirikia mwanamke mmoja kwa kuyajua hayo. Nilitaka kumnyang'anya, na sikuwa na cha kumnyang'anya isipokuwa bata.

Sabato ijayo nitaomba nafasi kanisani, kabla ya mahubiri, nami nitasema habari ya mkasi na habari ya choo. Mzee wa kijiji atakuwepo, na wale wanaume wawili watakuwepo, mmoja wao anaimba kwaya. Nitasema Soja hakuwa mwizi. Najua watacheka, mtu mzima kuungama habari za bata na mbwa. Wacha wacheke. Wewe ungecheka wa kwanza, kisha ungenyamaza kabla ya wote.

Sasa lala, Mama. Kaburi lako nimelipalilia, na lile pengo la ua sitaliziba. Nakuahidi kesho sitavuka, kama alivyosema. Keshokutwa nitakwenda. Akinifukuza nitakwenda siku inayofuata, nitasimama mlangoni mpaka aniambie kitu kimoja juu yako, kisha nitarudi nyumbani. Nina mengi ya kuuliza. Wewe umekwenda, aliyebaki anayekujua ni yeye peke yake, na mimi nimemuulia mbwa.

Kwaheri, Mama.

Chogo wako,
Otieno