Barolo Mezani kwa Baba Mkwe

Neema wangu,

Hapa Alby tumeamka salama. Theluji imeanza kuyeyuka, na bibi yako anakusalimu huku akilalamika kwamba picha zako zinaonyesha umekonda. Umeuliza Barolo, ule mvinyo wa Italia, ina nini hata watu waisifu hivyo, maana mchumba wako anataka kutuletea.

Niliinunua mara ya kwanza nilipokwenda kumposa bibi yako, hapahapa Stockholm. Kwetu Bukavu, aliyeleta kinywaji ndiye huonja kwanza mbele ya wenyeji. Nikafungua chupa, nikaonja, na uso ukajikunja wenyewe.

Baba yake akaniona. "Kijana, umetuletea siki?"

"Leteni Fanta tuichanganye," akasema shangazi yake.

Wakacheka wote, nami nikaona posa inaniponyoka. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba mvinyo huo hutaka hewa na nyama. Nikasema, "Baba, naomba tumngoje mbuzi aive."

Mbuzi alipoiva, nikaonja tena. Rangi ilikuwa ileile, nyekundu hafifu. Harufu ndiyo iliyofunguka, ya waridi kavu na lami kwa mbali, na ule ukali ulionikausha ulimi sasa ulikata mafuta ya nyama. Mzee akanywa, kisha akanyoosha glasi aongezwe.

"Shangazi," akasema, "Fanta kunywa mwenyewe."

Barolo haikubembelezi, Neema. Hukaa nawe mezani mpaka mzoeane.

Unaogopa kwamba mchumba wako hasemi sana. Mlete. Mbuzi nitamchoma mimi.

Babu yako