Namba ya Kompyuta ya Sebuleni kwa Rodah

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimewanunia watu wema na sijui kama nina haki.

Nina miaka sabini na minne, nilifukuzwa Chepseon katika ghasia za uchaguzi mwaka wa 2008, na baada ya kambi na vyumba vya kupanga katika miji mitatu, Rodah, binti ya jirani yangu wa zamani Kipkirui, alinileta hapa Litein akanipa chumba cha uani na kuniunganisha na mtandao wa nyumba, na tangu Januari naandika kitabu kidogo cha kumshukuru baba yake, aliyetuficha mimi na marehemu mke wangu siku nne kwenye zizi lake, nikisome katika ibada yake ya shukrani Jumamosi hii. Kitabu kiko kwenye kompyuta ya sebuleni, nami hukifungua kwa laptopu yangu kutoka chumbani nikiandika 192.168.1.7, namba ambayo Fancy, binti ya Rodah, aliniandikia kwenye karatasi kabla ya kurudi chuoni. Jumatatu ilipiga radi ya kwanza ya mwaka, Rodah akachomoa nyaya zote kama kila mtu hapa anavyofanya, na tangu hapo namba ile haifungui kitu, na mimi, niliyewahi kuondolewa bila kuambiwa sababu, nikaamini wamenitoa kimyakimya. Siku tatu sijaingia sebuleni. Rodah hugonga mlango, akiniita babu kwa Kikuyu changu: "Guka, chai inapoa! Umeninunia mimi ama ni ng'ombe?" Namjibu nina mafua. Nguo nimeshazipanga kwenye mfuko. Je, niondoke kabla sijaambiwa?

Muriuki, Litein

Mzee Muriuki, pole kwa uliyopitia, lakini hayo mafua yaishe leo. Hakuna aliyekutoa. Ruta, kile kisanduku kinacholeta mtandao, ndiyo inayogawa namba kwa kila kifaa nyumbani; ikizimwa na kuwashwa inaweza kuzigawa upya, na ile saba yako ya mwisho pengine sasa iko kwenye simu ya Rodah. Umemhukumu mama wa watu kwa sababu ya radi! Anayetaka uhame hakugongei mlango akikuitia chai.

Toa nguo kwenye mfuko, kisha nenda sebuleni, maana njia rahisi ni kuiuliza kompyuta yenyewe. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows na herufi R, andika cmd, bonyeza Enter, na kwenye dirisha jeusi andika ipconfig, Enter tena. Tafuta mstari wa IPv4 Address. Namba iliyo mwisho wake ndiyo utakayoandika kwenye laptopu. Ukiwa hapo, nakili kitabu kwenye flashi. Halafu mpigie Fancy akuelekeze jinsi ya kuifungia kompyuta hiyo namba moja isiyobadilika kwenye ruta, la sivyo radi ijayo itakurudisha kwenye mfuko.

Na Rodah mwambie yote, hata habari ya nguo. Atacheka kwanza, wewe kunywa chai. Kitabu chako kinamshukuru baba peke yake. Una siku mbili, ongeza ukurasa wa binti.